Kope za Baba na Fomu ya Bima

Kwa muda mrefu watu wa kijijini kwetu Kalinzi waliamini kwamba baba yangu ana maringo. Alikuwa anatembea kidevu juu, kichwa amekirudisha nyuma, anakutazama kama mkaguzi wa shule aliyefika bila taarifa. Wageni walimwogopa. Mchungaji mpya alipohamia kwetu alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama mzee aliwahi kuwa diwani.

"Hajawahi kuwa hata balozi wa nyumba kumi," mama akamjibu. "Ni kope tu hizo."

Na kweli zilikuwa kope. Ngozi ya juu ya macho yake ilianza kulegea alipofikisha miaka sitini hivi, ikawa inateremka kidogo kidogo, mpaka ikafunika nusu ya kila jicho. Macho yenyewe yalikuwa mazima kabisa. Tatizo ni kwamba ili aone kitu kilicho mbele yake ilibidi ainue kidevu, au akunje paji la uso na kuzivuta nyusi juu kwa nguvu. Ikifika saa tisa alasiri paji limechoka, shingo inauma, kichwa kinagonga. Hapo anakata tamaa, anainamisha uso, anaanza kuishi na miguu ya watu. Aliwajua majirani kwa viatu vyao. Jumapili moja shemeji wa yule mchungaji, aliyekuja kutembea, aliazima viatu vya mchungaji. Baba akamsimamisha nje ya kanisa, akamsalimia kwa heshima zote, kisha akamweleza kwa kirefu malalamiko yake juu ya kwaya. Yule mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akaahidi kulifanyia kazi.

"Mwenzenu anasalimia viatu," mama aliwaambia wanakwaya, nao hawakumwacha baba apumue mwezi mzima.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini, naishi Katubuka, nafundisha Kiswahili sekondari. Naomba nikiri mapema kwamba nilijivunia sana Kiswahili changu. Nyumbani tulikulia Kiha, Kiswahili nilikipata shuleni, na kama mtu yeyote aliyeipata dini ukubwani, nilikishika kuliko waliozaliwa nacho. Nilisahihisha matangazo ya msiba. Nilisahihisha kadi za harusi, zikiwemo za watu ambao hawakuwa wamenialika.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Warundi walikuwa wanafika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kwa maelfu, wanakaa pale ufukweni wakisubiri meli, meli inawaleta mjini, kisha mabasi yanawapeleka makambini. Sisi walimu tuliombwa zamu zamu kwenda bandarini kusaidia kuandika majina. Kule Kalinzi baba hakushangaa. Miaka ya nyuma, katika wimbi jingine, aliwahi kuziweka familia mbili kwenye banda lake la kahawa kwa miezi kadhaa, na mpaka leo akitaka kumkasirisha mama husema kwamba wale Warundi walipika maharage vizuri kuliko yeye.

Kilichotufikisha kwenye bima ni pikipiki. Asubuhi moja baba alikuwa anavuka barabara pale inapoinama kuelekea mjini. Bodaboda ikawa inateremka mlima. Kwa mtu wa kawaida pikipiki ile ilikuwa inaonekana tangu mbali, lakini kwa baba kila kilichokuwa juu ya usawa wa magoti hakikuwepo duniani. Dereva alikwepa, akaingia kwenye mibuni ya jirani. Hakuna aliyeumia. Kuku watatu waliokuwa wamefungwa nyuma walipata uhuru wao na mmoja hajapatikana mpaka leo. Dereva aliinuka, akajipangusa vumbi, akapiga kelele, "Mzee, unaringa hata barabarani?"

Mama akanipigia simu. "Njoo umchukue mtu wako," alisema. "Hiyo kadi yako ya bima kazi yake ni nini?"

Kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, nilikuwa mwanachama wa bima ya afya, na wazazi wangu nilikuwa nimewaandikisha kama wategemezi. Baba alikuwa na kadi yenye picha yake. Hakuwahi kuitumia. Aliiviringisha kwenye mfuko wa nailoni akaiweka ndani ya Biblia, akaihesabu kama cheti.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari alizinyanyua kope kwa kidole gumba, akaziachia, zikarudi chini taratibu. Akasema jambo lenyewe si kubwa: ngozi iliyozidi inakatwa, kope inashonwa, mtu anarudi kwake siku hiyo hiyo. Daktari bingwa huwa anakuja mkoani kila baada ya miezi kadhaa. Ila bima lazima itoe kibali kwanza, kwa sababu upasuaji wa kope uko wa aina mbili, wa tiba na wa urembo, nayo hulipia wa tiba tu. Aliandika maneno yake machache kwenye fomu, foleni nje ilikuwa ndefu, akanipa nikajaze sehemu ya maelezo ya mwanachama.

Sehemu hiyo ilikuwa na mistari sita. Mimi niliongeza karatasi. Nilikaa nayo Jumamosi nzima, nikaandika insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Kisha ilitakiwa picha ya mgonjwa. Tukaenda studio moja ya Mwanga, pale pale mjini, baba akiwa amevaa koti lake la harusi za watu. Mpiga picha akamwambia, "Mzee, inua macho, tabasamu kidogo." Baba akavuta nyusi kwa nguvu zote alizojaliwa. Yule fundi akaipeleka picha kwenye kompyuta, akaifuta mikunjo bila kuombwa, na ilipotoka tukajikuta tunamtazama waziri mstaafu wa miaka hamsini. Mimi nilifurahi. Nikaibana kwenye fomu.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Ombi halikukubaliwa, barua ilisema, kwa kuwa huduma iliyoombwa ni ya kuboresha mwonekano wa mgonjwa, na huduma za namna hiyo hazimo katika mafao.

Niliisoma barua ile sebuleni kwa wazazi wangu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Nilipomaliza, mama alikuwa ameweka ungo chini.

"Soma tena pale pa kuboresha."

Nikasoma tena. Mama akamgeukia baba.

"Umri huu unataka kuonekana na nani?"

Baba akainua kidevu, akamtafuta mama kwa macho. Halafu akasema, "Siwezi kumtaja. Mwanao yupo hapa."

Tangu siku hiyo aliitwa Mrembo. Wanakwaya walimwita Mrembo, jirani mwenye mibuni alimwita Mrembo, hata yule dereva wa bodaboda alipiga honi akipita akasema, "Shikamoo, Mrembo." Baba aliitikia wote. Aliwaambia wana wivu. Lakini niligundua ameacha kukaa benchi la mbele kanisani, mahali pake pa miaka yote, na mama aliniambia kwamba hasomi tena neno Jumapili, kwa sababu kuinua kidevu mbele ya watu wanaosema anataka urembo kumekuwa kazi nzito kuliko kusoma kwenyewe.

Nikaenda ofisi ya bima nikiwa nimejiandaa kugombana. Kwenye dirisha alikuwepo mama mmoja mtu wa pwani, amehamishiwa kwetu kikazi, mpole, Kiswahili chake kinateleza kiasi kwamba nilijisikia kama mwanafunzi. Alifungua jalada, akatazama picha muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nakuhurumia, na wallahi sikudharau. Lakini mzee huyu wa kwenye picha anaona mpaka Kongo."

Picha ilikuwa inamtazama yeye na mimi kwa pamoja, inatabasamu.

Alinieleza bila haraka. Wakubwa wanaotoa kibali wako mbali, hawajamwona baba, wanaona karatasi. Ili waamini, wanataka mambo matatu: daktari aandike wazi kwamba kope zinaziba macho, kipimo kinachoonyesha mgonjwa anaona eneo gani kope zikiwa zimeanguka na eneo gani zikiwa zimenyanyuliwa, na picha za mbele na za ubavu, mgonjwa akiwa ametulia, bila kuvuta nyusi. "Na bila koti, kama inawezekana," aliongeza.

Mashine ya kipimo hicho mjini kwetu haikuwepo. Ilibidi twende Mwanza. Baba alikataa. Alisema hasafiri siku mbili kwenda kuulizwa kama anaona, wakati mkewe anaweza kumwambia bure kwamba haoni.

Mambo yakalala hapo kwa miezi. Kisha redio ikatangaza kwamba daktari bingwa wa macho atakuwa kambini kwa wiki moja, akiwatibu wakimbizi. Siku mbili baadaye baba akanipigia simu, akaniuliza kama shule zimefungwa. Nikasema ndiyo. Akasema anataka nimsindikize kwenye lile soko la nje ya kambi, ambako Warundi na wenyeji wanauziana, amnunulie mama kitenge.

Hapo ningepaswa kushtuka. Katika maisha yao yote ya ndoa baba hakuwahi kumnunulia mama kitenge kwa hiari yake. Lakini nilifikiri ni uzee, nikaona vizuri.

Tulipanda basi alfajiri, tukafika soko limechangamka. Nikasimama kwenye meza ya vitenge, nikachagua, nikapatana bei, nikageuka kumwonyesha baba. Baba hayupo. Nikazunguka mistari miwili. Kwa muuza mihogo nikaliona koti lake limetundikwa kwenye mti wa kibanda, na viatu vyake viko chini yake, vimepangwa.

"Mwenye koti hili yuko wapi?" niliuliza.

"Muzee? Ameniomba nimtunzie," mwanamke yule alisema. "Na mimi nimemwazima blanketi. Amesema anaenda kwa daktari."

Kliniki ya macho ilikuwa kwenye mahema karibu na lango. Foleni ilikuwa ndefu, watu wazima wengi, wengine wameshikwa mkono kwa sababu hawaoni kabisa. Katikati ya foleni nikamwona baba yangu, mkulima wa kahawa, mwenye kadi ya bima, amejifunika blanketi la kijivu mabegani, peku. Kwa mawazo yake, mkimbizi ni mtu asiye na viatu. Nilitazama foleni nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Wote walikuwa na viatu isipokuwa yeye.

Kabla sijamfikia, zamu yake ya kuandikwa ikafika. Aliyekuwa anaandika ni bwana mmoja mrefu, mwembamba, amevaa koti jeupe ambalo mikono yake ilimwishia juu ya viwiko. Alikuwa anapita na daftari, anamsalimia kila mmoja kwa Kirundi. Alipofika kwa baba akasema, "Mwaramutse, mutama," yaani habari za asubuhi, mzee.

"Mwakeye," baba akajibu, Kiha kitupu, lugha inayokaribiana na Kirundi lakini si Kirundi, kwa sauti ya kujiamini.

Yule bwana akasimamisha kalamu. Akamuuliza anatoka mlima gani, kwa sababu Warundi ukiwauliza kwao hukutajia mlima. Nilimwona baba akifikiri. Milima anayoijua ni mingi, lakini ule mmoja ndio uliomtoka mdomoni.

"Kalinzi."

Kicheko kikapita kwenye foleni kutoka mbele kwenda nyuma, watu wakitafsiriana. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma ya baba, macho yake yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, bintiye amemshika mkono, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kwa Kiswahili kilichovunjika vizuri, "Sisi tulipofika kwenu tulijifunza Kiha kwa wiki moja, polisi wasitujue. Wewe foleni nzima umesimama na sisi, Kirundi kimekushinda!"

Baba alianza kucheka nao. Kisha nikamwona anaacha. Aliinua kidevu, akamtazama yule bibi vizuri, akatazama mkono wa binti uliomshika. Akatoka kwenye mstari bila kuambiwa na mtu. Akamwambia bibi, "Pita mama. Samahani. Mimi kwetu ni hapa."

Nilipofika nilikuwa na hotuba tayari, ila sikuitoa. Alikuwa amesimama pembeni, anajaribu kulikunja blanketi la watu. Nikampokea, tukalikunja pamoja.

Yule bwana wa daftari hakutufukuza. Alituonyesha benchi, akasema tusubiri amalize. Tulikaa kwa muda wa karibu saa tatu. Alipokuja alileta chai ya rangi katika vikombe vya plastiki, akakaa mbele ya baba, akamnyanyua kope kwa kidole gumba, kwa namna ile ile ya daktari wa mjini lakini kwa upole zaidi.

Alikuwa muuguzi wa macho kwao Bujumbura kwa miaka kumi na tisa. Alitembea kwa miguu mpaka Kagunga, vyeti vyake vikabaki nyumbani ndani ya sanduku ambalo hajui sasa liko kwa nani. Kambini alikuwa anaruhusiwa kusaidia tu: kuandika majina, kutafsiri, kuwashika watu kichwa wakitiwa dawa.

"Mutama," alimwambia baba, "wewe ni mgonjwa wa kweli. Kwa nini umekuja kwa uongo?"

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake ilikuwemo kadi ya bima ya Tanzania yenye picha yake, barua ya kukataliwa, na nakala ya fomu. Amejifanya Mrundi na vyote hivyo vikiwa kifuani. Muuguzi aliitazama kadi, akamtazama baba aliye peku, akafunika mdomo kwa daftari.

Alisema ukweli mapema: daktari amekuja kwa ajili ya mtoto wa jicho, kope hazimo kwenye kazi ya wiki ile, kwa hiyo hata angekuwa Mrundi halisi asingekatwa. Lakini kipimo wanachokitaka bima, alisema, kilikuwepo kabla ya mashine, na yeye anakijua.

Akaichukua nakala ya fomu kwanza, akaanza kusoma insha yangu. Nilinyoosha mgongo. Nilikuwa nasubiri sifa.

Akasoma. Akarudi juu. Akasoma tena.

"Hii ameandika nani?"

"Mimi," nikasema. "Ni mwalimu wa Kiswahili."

"Ah, mwalimu." Alisita kwa adabu. "Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Kiswahili chetu mnakicheka, najua. Lakini hapa umeandika, 'Lengo kuu ni kuboresha mwonekano wa mzee, ambao umefifia.'"

"Ndiyo. Haoni vizuri."

"Hapana. Haonekani vizuri. Hivyo ndivyo ulivyoandika. Wewe umewaombea aonekane. Hukuwaombea aone."

Nilimnyang'anya karatasi. Nikatafuta mahali pa kujitetea. Mstari wa tatu, mwonekano. Mstari wa saba, mwonekano wa awali. Hitimisho: "ili mzee arejee katika mwonekano wake wa ujana." Watu wa bima hawakuwa wamekosea hata herufi. Walinisoma nilivyoandika.

Baba alikuwa ananitazama kidevu juu. Sijui kama alikuwa ananiona vizuri, lakini alikuwa anafurahi kuliko nilivyomwona kwa miezi. "Mwalimu," aliniita, na tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo, "miaka mingapi ulisomea hiyo kazi?"

Muuguzi alinihurumia, akaanza kipimo. Alimkalisha baba wima, akamfunika jicho moja kwa kipande cha boksi, akamwambia atazame kifungo cha lile koti jeupe asiondoe macho wala kuvuta nyusi. Kisha akawa anashusha kalamu yenye kifuniko chekundu kutoka juu, pole pole, baba anasema "sasa" akiiona. Kutoka juu kalamu ilishuka sana, mpaka karibu na kifungo chenyewe, ndipo baba akasema. Alifanya hivyo kutoka pande zote, na kila mara akatia nukta kwenye duara alilochora kwa kuzungusha kikombe cha chai. Alipoziunganisha nukta, nusu ya juu ya duara ilikuwa tupu. Akaipaka weusi kwa penseli, taratibu, bila kutoka nje ya mstari.

"Miaka miwili sijachora jicho la mtu," alisema, kama anajiambia mwenyewe.

Kisha akakata vipande vya plasta, akazinyanyua kope za baba, akazibandika kwenye paji la uso ili arudie kipimo macho yakiwa wazi. Baba alibaki hivyo, macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa. Hakuinua kidevu. Alitazama paa la hema. Alimtazama muuguzi kutoka chini mpaka juu, akashangaa urefu wake. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama muda.

"Mbona una mvi?" aliniuliza.

"Ninazo muda mrefu, baba."

"Hakuna aliyeniambia."

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jioni daktari bingwa alipomaliza wagonjwa wake, muuguzi alimpelekea karatasi mbili zenye yale maduara. Daktari akaja mwenyewe, akarudia kipimo haraka, akapata kile kile, akaandika maelezo, akatia sahihi na mhuri. Alimpiga baba picha tatu kwa simu yake, akiwa na shati tu, uso umetulia, kope zimelala. Zilikuwa picha mbaya sana. Zilifaa kabisa.

Maelezo ya mwanachama niliyaandika upya pale pale kwenye benchi, muuguzi akisimamia. Kila nilipotaka kuremba alikohoa. Mwishowe zilibaki sentensi tatu: mzee haoni kilicho juu na mbele yake; amekoswa na pikipiki; tunaomba kope zinyanyuliwe ili aone.

Yule mama wa pwani alipoyasoma dirishani alitabasamu. "Leo umeandikiwa na nani, mwalimu?"

"Na Mrundi," nilisema.

"Mpe salamu zangu. Kaeleweka."

Kibali kilikuja. Daktari bingwa yule yule aliporudi mkoani alimfanyia baba upasuaji katika hospitali ya mjini, kwa ganzi, baba akiwa macho. Tunaambiwa aliongea muda wote. Alimwambia daktari, "Usinifanye mrembo sana, mke wangu ataanza maswali." Katikati ya kazi daktari alimwambia afumbue afumbe, afumbue afumbe, ili aone kope ziko sawa. Alitoka na uzi kwenye kope na uvimbe wa zambarau, akaonekana kama bondia aliyeshindwa, na mama aliyekuwa amejiandaa kumtania alimshika mkono kimya mpaka nyumbani kwangu Katubuka.

Nyuzi zilipotolewa alirudi Kalinzi, na hapo amani ya nyumba ikavunjika. Aliona utando wa buibui kwenye kona za dari. Aliona bakuli lililomeguka ambalo mama alikuwa analiweka mezani miaka minne. Aliona kwamba kahawa iliyochambuliwa msimu ule ilikuwa na punje mbovu, akaichambua upya yote. Mama alinipigia simu akaniuliza kama bima inalipia kuzirudisha chini. Lakini Jumapili ya pili baba alisoma neno kanisani, uso umenyooka kama wa watu wote, na mama ndiye aliyenisimulia, kwa kirefu, pamoja na aya alizosoma.

Kahawa ilipokaushwa, baba alikaanga kilo mbili, akaziweka kwenye mfuko safi, tukapanda tena basi kwenda kambini. Safari hii alivaa viatu. Pale kwenye mahema ya kliniki tulimkuta dada mwingine na daftari. Akatuambia yule muuguzi alijiandikisha kwenye msafara wa kurudi kwao, ameondoka wiki tatu zilizopita. Hakuacha namba ya simu wala mtaa. Baba alimuuliza kama anajua ni mlima gani. Dada yule akasema huyo alikuwa mtu wa mjini, hana mlima.

Tulikaa kidogo kwenye lile benchi. Nikamwambia baba tumwachie dada kahawa ile, au bibi yeyote kwenye foleni. Akasema hapana, ina mwenyewe. Akaipakata kwenye basi mpaka nyumbani, harufu ikajaa gari zima, abiria wakamuuliza anauza. Akaiweka juu ya kabati, akakataza isiguswe, kwa sababu Warundi wale huenda na kurudi, na siku yoyote mtu anaweza kutokea.

Ikakaa juu ya kabati siku tano. Siku ya sita mama alisema kahawa iliyokaangwa haisubiri mtu ikabaki na ladha, akaishusha, akaisaga, akachemsha. Baba alilalamika kuanzia birika lilipowekwa jikoni mpaka lilipoletwa mezani. Kisha akavuta kiti, akanywa vikombe viwili.

"Angeipenda," alisema.

Mama akamwongeza cha tatu.